SABABU GANI MUNGANGA NAYE ANAKUFA?



Ndani ya sanduku ya maulizo ya gazeti letu tulikuta karatasi moja bila jina. Mwenye kuandika anauliza hivi: "Munganga iko na dawa, iko na masomo, anajua magonjwa. Sababu gani wakati ya Ebola waganga walikufa mbele ya batu wengine?" Tena chini ameongeza: "Papa yangu anakataa niingie ITM juu ya ile neno."

Ulizo hili si la mchezo. Katika 5 na 6 ya Biokimia tuko na wenzetu wengi wanaotaka kazi ya kutunza wagonjwa, na si papa mmoja tu anayekataa. Sisi wa kikundi cha afya tulitafuta jibu muda wa juma tatu, mwalimu wetu wa biolojia na mama mwuguzi wa dispensari ya shule wakitusaidia. Jibu ni refu kidogo. Bwana Prefe ametuachia kurasa zaidi, basi mtuvumilie.

Tuseme kwanza kwamba yule papa hakosei kuogopa. Hesabu inampa haki. Lakini hesabu ile ile, ukiisoma mpaka mwisho, inaonyesha neno lingine.

YAMBUKU

Mwaka 1976 inchi yetu iliitwa Zaire. Yambuku ni misioni ya Wakatoliki upande wa Bumba, katika jimbo la Equateur la wakati ule. Hospitali yake ilikuwa na vitanda 120 na wafanyakazi wa afya 17. Mwisho wa mwezi wa nane mwalimu mmoja wa shule alifika na homa. Wakampiga sindano ya klorokini, kwa kuwa walifikiri ni malaria. Ni nani angefikiri vingine? Homa ikashuka siku chache, kisha ikarudi na nguvu, akaanza kutoka damu, akafa.

Sasa sikilizeni neno la sirengi. Kila asubuhi wauguzi wanaopokea wagonjwa wa kutoka nje walipewa sirengi tano na sindano zake. Tano tu, kwa siku nzima, na wagonjwa walikuwa wanakuja kwa mamia. Kati ya mgonjwa huyu na yule walizisukutua ndani ya sufuria ya maji ya vuguvugu. Siku zingine walizichemsha jioni, kazi ikiisha. Masista wale hawakuwa watu wabaya. Walitoka kwao mbali kwa upendo, na watu walipenda sindano sana. Hata leo kwetu munganga asiyepiga sindano, watu wanarudi nyumbani wakinunguna kama hajafanya kitu.

Walioshikwa na ugonjwa walikuwa 318, waliokufa 280. Wale walioupata kwa njia ya sindano peke yake, hakuna mmoja aliyepona, sababu virusi viliingia moja kwa moja ndani ya mwili, na vingi kwa mara moja. Kati ya wafanyakazi 17 wa hospitali, 11 walikufa. Tarehe 30 ya mwezi wa tisa hospitali ikafungwa kwa kukosa watu wa kutumika. Na tazameni ajabu hii: kufungwa kwa hospitali kulisaidia kuzima ugonjwa. Nyumba ya kuponyea ndiyo ilikuwa imekuwa njia ya kuambukiza.

Sista mmoja mgonjwa alipelekwa Kinshasa, ku kliniki ya Ngaliema. Mwuguzi kijana mwenye kumtunza aliitwa Mayinga N'Seka. Naye akashikwa, akafa mwezi wa kumi wa mwaka ule ule. Virusi vilivyotoka katika damu yake vilihifadhiwa, na mpaka leo watu wa laboratwari duniani pote wanaviita "Mayinga". Wengi wanatamka jina hilo bila kujua kama lilikuwa la mwuguzi wa Zaire.

Profesa Muyembe, yule tuliyezoea kusikia ku redio, alifika Yambuku siku zile za kwanza. Yeye mwenyewe ameeleza mara nyingi kwamba alitoa damu ya wagonjwa kwa mikono mitupu, damu ikamchuruzika ku vidole, akanawa na maji na sabuni. Akaokoka. Wengine waliofanya kazi ile ile hawakuokoka. Ulinzi wa kutegemea bahati si ulinzi.

Tusifikiri kama ni habari ya misioni ya wengine tu. Ku Tandala, hospitali ya misioni ya Waprotestanti katika jimbo lile lile, mtoto mwanamke wa miaka 9 alikufa na Ebola mwezi wa sita 1977. Walipochunguza damu ya watu wa pale, walikuta alama ya ugonjwa ndani ya damu ya munganga mmoja ambaye mwaka 1972 alijikata kidole alipokuwa akifungua maiti ya mgonjwa, kisha akaugua sana. Maana yake, mwaka ule, mbele ya Ebola kupata jina, munganga alikuwa amekwisha kulipa.

KIKWIT

Miaka 19 ikapita. Mwaka 1995, ku Kikwit, mfanyakazi mmoja wa laboratwari aliugua tumbo na homa. Waganga wakafikiri utumbo umetoboka, wakampasua. Wale waliosimama ku meza ya upasuaji, wale waliomfunga vidonda, wale waliofua mashuka, wakaanza kuanguka mmoja mmoja. Waliougua wote katika mlipuko ule walikuwa 315, na 80 kati yao walikuwa wafanyakazi wa afya. Ni robo nzima! Masista sita wa shirika la Bergamo, Italia, walikufa mmoja kisha mwingine, kila mmoja akiwa amemtunza mwenzake.

Mwezi wa tano vifaa vikafika: soksi za mikono za mpira, maski, tabuliye, klore. Wagonjwa wakatengwa katika chumba chao, na wafanyakazi wakafundishwa kuvaa na kuvua. Tangu hapo kuambukizwa kwa wauguzi kukapungua karibu kwisha. Haikuwa dawa mpya, dawa haikuwapo. Ni mpira, kitambaa, maji ya klore na mafundisho ya siku chache. Hapa ndipo sisi tulisimama sana katika mazungumzo yetu, na mwenzetu mmoja akasema: "Basi wale 80, wengi walikufa juu ya kukosa vitu vya bei ndogo!" Hatukupata neno la kumjibu.

GINSI UGONJWA UNAVYOMFIKIA MUUGUZI

Virusi vya Ebola havirukiruki ndani ya hewa kama mavumbi. Viko ndani ya damu, matapiko, mavi, jasho, mate ya mtu mgonjwa, na ndani ya maiti. Mtu ambaye hajaanza kuugua haambukizi. Kadiri ugonjwa unavyozidi, ndivyo virusi vinavyoongezeka. Sasa uliza: ni nani anayekaa karibu na mgonjwa siku ile amezidiwa? Mama yake, na mwuguzi. Wengine wote wamekimbia. Ndiyo jibu la kwanza kwa mwenye karatasi. Munganga hafi kwa kukosa akili. Anakufa sababu kazi yake inamweka pahali ambapo virusi viko vingi.

Jibu la pili ni la wakati. Siku za kwanza, Ebola inafanana na malaria, inafanana na tifoide: homa, kichwa, viungo kuuma, kisha kuhara. Muuguzi wa kituo kidogo cha afya hana laboratwari. Anagusa, anapima, anaweka serumu, na kumbe ndiyo ile. Ndiyo maana katika karibu kila mlipuko waganga wanaanguka mwanzoni, mbele ya jina la ugonjwa kujulikana. Ilikuwa vile mwaka 2025 ku Bulape, Kasai, hospitali yenye mizizi katika misioni ya Wapresbiteriani. Mama mjamzito aliingia pale mwezi wa nane. Serikali ilipotangaza mlipuko tarehe 4 ya mwezi wa tisa, wafanyakazi wa afya wanne walikuwa wamekwisha kufa. Mlipuko ulikwisha tarehe 1 ya mwezi wa kumi na mbili, wagonjwa 64, waliokufa 45.

Kwa hiyo maski nzuri ikifika kisha ya mwezi mmoja, imechelewa. Ulinzi wa kweli unaanza ku mlango wa kila kituo, siku ambapo hakuna mtu anayesikia habari ya Ebola: maji ya kunawa, termometa ya kupima bila kugusa, mtu wa kuuliza maswali kwa kila anayeingia, chumba cha kumweka mwenye homa mbali na wengine, na soksi za mikono kwa kila mgonjwa, si kwa wale wa kuogopesha tu. Katika mlipuko wa Kivu ya Kaskazini na Ituri, wauguzi wengi walioambukizwa hawakuwa ku vituo vikubwa vya Ebola. Walikuwa ku vituo vidogo vya kartiye, mahali ambapo watu wanaenda kwanza.

KUVAA NI RAHISI, KUVUA NI KAZI

Tuliomba mama mwuguzi atueleze mavazi. Kwanza bote za mpira na kombinezo inayofunika mwili wote. Kisha soksi za mikono pea mbili, maski, kofia ya kufunika kichwa na shingo, miwani ya kufunga macho, na tabuliye ya mpira juu ya yote. Hakuna ngozi inayoonekana. Wanaandika jina la mtu ku kifua au ku kichwa, maana ukiisha kuvaa hata ndugu yako hakujui.

Ndani ya mavazi yale jua la kwetu ni adui wa pili. Kisha ya dakika 40 hivi, jasho linajaa ndani ya bote, miwani inaingia mvuke, kichwa kinazunguka. Mtu aliyechoka anajichoma na sindano, anasahau, anapangusa uso. Kwa hiyo sheria ya kutoka kila saa si uvivu wala si ukarimu wa mkubwa wa kazi, ni sehemu ya ulinzi. Tunafikiri neno hilo watu wengi hawalielewi. Wanaona muuguzi amekaa chini ya mti anakunywa maji, wanasema: "Ona hawa, wanakula tu feza ya Ebola."

Hatari kubwa iko ku kuvua. Mavazi ya nje yamekwisha kupata uchafu. Ukivuta maski kwa mkono uliogusa mgonjwa, umejipa ugonjwa wewe mwenyewe. Hakuna anayevua peke yake. Mwenzako anasimama mbele yako, anakusomea kila hatua, anakurushia maji ya klore, unanawa mikono kisha ya kila kitu unachotoa. Ukiharakisha, anakusimamisha, hata kama wewe ni munganga mkubwa na yeye ni mfagizi. Sisi tulipenda sheria hii. Ni pahali pachache katika inchi yetu mfagizi anamwambia munganga mkubwa "simama" naye anasimama.

Hesabu ya klore (wenzetu wa Biokimia, chukueni kalamu)

Kwa kusafisha vyombo, mavazi na sakafu wanatumia maji ya klore 0,5 kwa 100, na kwa kunawa mikono 0,05 kwa 100, yaani mara kumi chini. Unga wa klore wanaoleta una nguvu ya 70 kwa 100. Litre moja ya maji ya 0,5 inataka gramu 5 za klore kamili. Gawanya 5 kwa 0,70, utapata gramu 7 na kidogo za unga. Ndoo ya litre 20 inataka basi karibu gramu 143. Kwa ndoo ya kunawa mikono, gramu 14 zatosha.

Mtu anaweza kusema: nitie nyingi, ndipo itaua vizuri. Hapana. Maji makali yanachoma ngozi ya mikono, ngozi inapasuka, na ule mpasuko ni mlango kwa virusi. Tena maji ya klore yakikaa ku jua yanapoteza nguvu. Inafaa kuyatengeneza kila siku. Na kama klore hakuna, maji na sabuni vinafanya kazi kubwa kuliko watu wanavyofikiri.

CHANJO NA DAWA

Mwanzoni mwa mwezi wa nane 2018 mlipuko ulitangazwa ku Mangina, karibu na Beni. Ulidumu mpaka tarehe 25 ya mwezi wa sita 2020. Wengi wetu tulikuwa bado masomo ya primeri, lakini tunakumbuka ndoo ku kila mlango. Wagonjwa 3.470, waliokufa 2.287. Ni mlipuko mkubwa kupita yote ya inchi yetu ya mbele yake.

Sasa linganisheni. Ku Kikwit wafanyakazi wa afya walikuwa robo ya wagonjwa. Katika mlipuko huu walikuwa karibu 5 kwa 100. Hata hao ni watu karibu 170, si kidogo. Lakini kutoka 25 kufika 5, hapo ndipo papa wa mwenzetu anapaswa kusoma hesabu mpaka mwisho.

Kitu kikubwa kilichoongezeka ni chanjo. Watu zaidi ya 300.000 walichanjwa. Waliwatafuta kwanza wale waliomgusa mgonjwa, kisha wale waliowagusa hao, sawa na kuchora mviringo kuzunguka moto usipite. Na wafanyakazi wa afya wakachanjwa pamoja nao. Chanjo ile imetengenezwa na kipande cha ngozi ya virusi vya Kikwit vya mwaka 1995. Tena moja ya dawa mbili zilizoonekana kuponya katika majaribio ya Beni, Butembo, Katwa na Mangina, ilitoka katika damu ya mtu aliyepona ku Kikwit mwaka ule ule. Basi mateso ya Kikwit yamezaa ngao ya Beni.

Tuongeze neno moja juu ya vyumba vya plastiki vinavyoonyesha ndani, vilivyotumiwa ku Beni. Mgonjwa analala ndani, mwuguzi anasimama nje, anaingiza mikono katika mikono mirefu iliyoshonwa ku ukuta wa chumba. Hachoki na joto, na mgonjwa anaona uso wa mtu badala ya maski. Watoto walilia kidogo. Na kwa watoto wengine, walitunzwa na mama waliopona Ebola, kwa kuwa mwili wao ulikuwa umejifunza kupigana na ugonjwa. Wakiwa wamefiwa na wa kwao, wakabeba wa wengine.

MAWE NA RISASI

Maski haizuii jiwe. Katika miaka ile, upande wa Beni na Butembo, hatari kwa waganga haikuwa virusi tu. Mwezi wa pili 2019 vituo vya Katwa na Butembo vilishambuliwa na kuchomwa moto, siku tatu kati yao. Tarehe 19 ya mwezi wa nne 2019, watu wenye silaha waliingia ku hospitali ya chuo kikuu ya Butembo, wakamuua Dokta Richard Mouzoko, munganga wa Cameroun aliyetumwa na Shirika la Afya la Dunia. Waganga wa mji wakaandamana barabarani na blusi zao nyeupe, wakisema wataacha kazi kama hawalindwi. Usiku wa kuamkia tarehe 28 ya mwezi wa kumi na moja, ku Biakato na Mangina, wanne wakauawa: mmoja wa kikundi cha chanjo, madereva wawili, na polisi mmoja.

Sababu gani watu wanampiga anayekuja kuwasaidia? Wageni waliuliza hivyo sana, wengine kwa kutudharau. Inafaa tujibu sisi. Tangu mwaka 2014 watu wa Beni walikuwa wanachinjwa, na magari mengi hayakuja. Ebola ikaingia, magari yakaja kwa mamia. Watu wakasema: "Tunakufa na panga, hakuna mutu. Tunakufa na homa, bote banakuja. Kuko neno." Kisha, mwezi wa kumi na mbili 2018, uchaguzi ukaahirishwa ku Beni na Butembo, na Ebola ikawa sababu moja waliyotoa. Kazi nzuri za riposti zikaenda kwa wengi waliotoka mbali, na maziko yakafanywa haraka na watu wasiojulikana. Udongo ulikuwa mkavu. Yeyote angetupa njiti.

Hatusemi kama kuua ni halali. Mwenye kumuua munganga amewaua na wagonjwa wake. Tunasema tu kwamba ulinzi wa askari una pande mbili. Muuguzi anayefika ku kijiji pamoja na bunduki anapona siku ile, lakini mama mwenye mtoto wa homa anamwona, anafunga mlango, anaficha mtoto. Kesho ugonjwa unaongezeka, na muuguzi atapaswa kurudi na bunduki nyingi zaidi. Palipokuwa na mchungaji, padri, chifu au mama wa kikundi wa pale pale, aliyetangulia siku moja kusema na watu, gari mara nyingi lilipita. Watu wa Nehemia walijenga ukuta kwa mkono mmoja na kushika silaha kwa mkono mwingine. Lakini tusisahau, walikuwa watu wa inchi ile yenyewe, na wengine wao walijenga mbele ya nyumba zao.

MOYO WA MUUGUZI

Sehemu hii ndiyo watu wanaipita haraka. Eliya alipochoka mpaka akaomba kufa, Mungu hakumhubiri kwanza. Alimpa mkate, maji, na usingizi, mara mbili. Kisha ndipo safari.

Muuguzi wa wakati wa mlipuko anakula vibaya, analala kidogo, na usiku anapima joto lake mwenyewe kwa hofu. Akijichoma na sindano, anahesabu siku 21, kila siku termometa asubuhi na jioni. Amefunga macho ya mwenzake wa kazi, na kesho yake anaitwa kuchukua pahali pake. Anahitaji mtu wa kumsikiliza, mtu asiyemwambia tu "ujipe moyo". Anahitaji kujua kama akifa, watoto wake watalipiwa masomo. Na anahitaji mshahara. Tusione haya kusema hivyo katika gazeti la Kikristo. Katika inchi yetu wako wauguzi wengi wanaokaa miaka bila mshahara wa Leta, wakiishi na kile wagonjwa wanacholipa. Wakati wa mlipuko matunzo yanatangazwa kuwa ya bure, na ni vizuri sana kwa maskini. Lakini kama hakuna mtu anayeleta feza pahali pa ile ya wagonjwa, muuguzi amefungiwa sahani yake. Primu ikichelewa miezi mitatu, mtu anaanza kufanya kazi pahali pawili, anachoka, na tumekwisha kuona juu mtu aliyechoka anafanya nini na sindano.

Sifa peke yake haijazi chungu. Mwaka 2020, wakati wa Korona, miji mingi ya dunia ilipiga makofi ku madirisha kwa waganga. Lakini Shirika la Afya la Dunia lilikadiria kwamba kati ya mwezi wa kwanza 2020 na mwezi wa tano 2021 wafanyakazi wa afya karibu 115.000 walikufa na ugonjwa ule. Paulo alipomrudisha Epafrodito kwa kanisa la Filipi, yule aliyeugua karibu kufa juu ya utumishi, hakuomba makofi. Aliomba wampokee kwa furaha na kumheshimu. Kumpokea ni nyumba, ni chakula, ni kukaa naye ku benchi moja.

Na hapa neno linaingia ndani ya shule. Mama mwuguzi alituambia kwamba wakati wa milipuko, wauguzi wengi wanafukuzwa na wenye nyumba, wamotari wanakataa kuwabeba, na watoto wao wanaitwa "watoto wa Ebola" katika kiwanja cha michezo. Mtoto wa muuguzi ambaye mama yake haugui hana ugonjwa wa kukupa. Virusi havikai katika jina la familia. Ikiwa siku moja mlipuko utafika tena upande wetu, na mtu akamkimbia mwenzake wa benchi juu ya kazi ya mama yake, tunaomba wakubwa wa kalasi wamlete kwetu tuongee naye kwa upole, kabla ya kumpeleka kwa bwana wa nidhamu.

Kwa papa wa mwenzetu asiye na jina tunasema hivi, kwa heshima yote: Papa, usiulize tu kama kazi ile ina hatari. Ina hatari. Uliza ITM unayotaka kumpeleka mtoto kama inafundisha kuvaa na kuvua kwa mikono, si ku ubao tu. Uliza hospitali atakayofanya stage kama iko na maji yanayotoka, sanduku ngumu za kutupa sindano, na soksi za mikono za kutosha mwezi mzima. Uliza nani anachanja wauguzi ugonjwa ukitokea. Wakijibu vizuri, mtoto wako atakuwa na ulinzi kuliko wale 17 wa Yambuku. Wakishindwa kujibu, maulizo yako yatawasaidia na wengine, maana kwetu wakubwa wa hospitali hawaulizwi mara nyingi.

TANGAZO. Mama mwuguzi ataonyesha kuvaa na kuvua siku ya tano, saa nane, nyuma ya dispensari. Iko kombinezo moja tu, ya zamani. Atavaa mwanafunzi mmoja, na mwingine atasoma hatua. Wa 5 na wa 6 waje na ndoo mbili kwa kila kalasi, na sabuni. Maji ya kisima cha chini hayatoshi, basi mpite kwanza ku mto.

Kikundi cha Afya